Ishara ya kununua hisa kwa RSI na MACD: mwongozo kamili kwa anayenunua Nairobi na Dar es Salaam

Swali linalorudi kila mara ni hili: "RSI ilikuwa chini ya 30, nikanunua, mbona hisa imeendelea kuporomoka?" Anayeuliza amefuata alichofundishwa. Ameona mstari wa RSI, kipimo cha kasi ya bei kinachokwenda 0 hadi 100, umeshuka chini ya 30, akaambiwa hisa "imeuzwa kupita kiasi", akatoa pesa.

Tatizo ni mawili. Kwanza, masomo mengi ya mtandaoni yanatumia hisa za Marekani, ambako hisa za kampuni kama Apple hubadilishana mikono kwa mamilioni kila siku. Kanuni hizo zikihamishiwa kwenye hisa inayokaa wiki bila mauzo, hesabu inavurugika. Pili, kiashiria cha kasi hakisemi "nunua". Kinasema "hapa pana jambo, tazama". Kununua kunahitaji mambo mengine matatu au manne yakubaliane nacho, na ndiyo kazi ya hatua zilizo hapa chini.

Kasi tunayoizungumzia ni mwendo wa bei, si kiwango chake. Lori linalopanda mlima Kitonga hupunguza mwendo kabla ya kusimama; RSI na mwenzake MACD (tutazijenga hatua ya 3 na ya 4) hupima huko kupungua na kuongezeka kwa mwendo. Hazijui lori limebeba nini, wala kama dereva ana mafuta. Thamani ya kampuni, madeni yake na faida yake utavisoma kwenye hesabu zake za mwaka.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Akaunti ya CDS (ya kielektroniki, inayohifadhi hisa zako) na dalali wa hisa mwenye leseni. Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA), Tanzania na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Thibitisha jina la dalali wako kwenye orodha ya mamlaka husika, si kwenye tangazo lake.
- Bei za kufunga za siku 250 za soko, yaani takriban mwaka mmoja, pamoja na idadi ya hisa zilizouzwa kila siku.
- Programu ya jedwali: Excel, Google Sheets au LibreOffice, yoyote uliyo nayo. Simu inatosha kutazama, ila kujaza mara ya kwanza tumia kompyuta.
- Tarehe za gawio za kampuni unayoifuatilia.
- Daftari, la karatasi au la simu.

Kwa hisa za Nairobi unaweza kutumia chati za TradingView, ambako alama za hisa hutanguliwa na NSEKE, na RSI na MACD utazikuta zimeshachorwa. Hata hivyo nakushauri ujaze jedwali lako angalau kwa hisa moja. Aliyeijenga RSI kwa mkono wake hadanganyiki nayo kirahisi.

Usichohitaji ni kundi la WhatsApp au Telegram la kulipia linalotuma "signal" za kununua kila asubuhi.

## Hatua ya 1: Chagua hisa inayouzwa kweli

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na hawajui kama wameanguka.

Chukua siku 20 za mwisho za soko na uipime hisa kwa maswali matatu:

1. Ni siku ngapi haikuuzwa hata hisa moja? Zikizidi mbili, achana nayo kwa kazi hii.
2. Thamani ya mauzo ya siku ni kiasi gani kwa wastani? Zidisha idadi ya hisa kwa bei. Oda yako isizidi sehemu moja ya ishirini ya kiasi hicho.
3. Bei ya mnunuzi wa juu kabisa na ya muuzaji wa chini kabisa zimeachana kwa kiasi gani? Pengo likizidi asilimia 2, utakuwa umepata hasara siku uliyonunua.

Vipimo hivi ni vyangu, unaweza kuvikaza. Usivilegeze.

Sababu imo ndani ya hesabu yenyewe. RSI ya siku 14 hulinganisha wastani wa ongezeko la bei na wastani wa punguzo lake. Siku ambayo hisa haikuuzwa, mabadiliko ni sifuri, na wastani zote mbili hupungua kwa kiwango kilekile. RSI inabaki palepale kana kwamba imelala. Lakini wastani hizo zimekonda, kwa hiyo mauzo ya kwanza yatakayofuata yatakuwa na uzito usio wa kawaida.

Tazama kwa tarakimu. Hisa ina wastani wa ongezeko wa senti 10 na wastani wa punguzo wa senti 10, hivyo RSI ni 50. Mtu mmoja anauza na bei inashuka kwa senti 50. Kama hisa inauzwa kila siku, RSI inakuwa karibu 42. Kama kabla ya hapo ilikaa siku 20 za soko bila mauzo, punguzo hilohilo la senti 50 linaishusha RSI hadi 27.

Yaani mzee mmoja amehitaji ada ya mjukuu, ameuza hisa zake chache kwa bei aliyoikuta, na chati inakupigia kelele kwamba soko zima limeuza kupita kiasi.

Nairobi, hisa kama Safaricom, Equity Group, KCB na Co-operative Bank kwa kawaida hupita mtihani huu. Dar es Salaam, CRDB na NMB ndizo za kuanzia. Hisa nyingine zinaweza kuwa za kampuni nzuri sana, za kununua na kukaa nazo miaka, ila si za kusomwa kwa viashiria vya kasi.

Utajua umefaulu: una hisa mbili au tatu tu kwenye orodha. Ukiwa na kumi, rudia kipimo.

## Hatua ya 2: Safisha bei kabla ya kuziingiza

Bei mbichi ina mitego miwili.

Wa kwanza ni gawio. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribiana na gawio hilo. Hakuna aliyeikimbia kampuni; pesa zimehama tu kutoka kwenye hisa kwenda kwa wanahisa. RSI haijui hilo. Mfano: Equity Group ilitangaza gawio la Sh 4 kwa hisa kwa mwaka 2023, wakati hisa yenyewe ikiwa shilingi arobaini na kitu. Hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya bei. Punguzo la namna hiyo likiingia kwenye jedwali bila kurekebishwa, litatupa RSI shimoni na kuharibu MACD kwa wiki kadhaa.

Dawa yake: chukua bei ya mwisho yenye gawio, toa gawio, gawanya kwa bei hiyohiyo. Hisa ya Sh 44 yenye gawio la Sh 4 inakupa 40 ÷ 44, yaani 0.909. Zidisha bei zote za nyuma kwa namba hiyo. Ufanye hivyo pia kampuni inapogawa hisa za nyongeza au kuipasua hisa moja kuwa kadhaa. Huko tumia uwiano wa mgawanyo.

Mtego wa pili ni kuchanganya vyanzo. Nairobi, bei rasmi ya kufunga si bei ya mauzo ya mwisho ya siku. Ni wastani wa bei za siku nzima uliopimwa kwa wingi wa hisa zilizouzwa. Programu nyingine za simu huonyesha bei ya mauzo ya mwisho. Ukijaza Jumatatu kutoka huku na Jumanne kutoka kule, utajitengenezea ishara ambazo hazipo sokoni.

Onyo: siku isiyo na mauzo, andika bei ya jana na sifuri kwenye idadi ya hisa. Usiruke mstari. Sikukuu na mwisho wa wiki ndizo za kuruka.

## Hatua ya 3: Jenga RSI

Panga safu hivi: A tarehe, B bei ya kufunga, C idadi ya hisa zilizouzwa, D ongezeko, E punguzo, F wastani wa ongezeko, G wastani wa punguzo, H RSI. Mstari wa 1 ni vichwa, bei zinaanza mstari wa 2, ya zamani kabisa juu.

Kisha andika:

- D3: `=MAX(B3-B2,0)`
- E3: `=MAX(B2-B3,0)`
- F16: `=AVERAGE(D3:D16)`
- G16: `=AVERAGE(E3:E16)`
- F17: `=(F16*13+D17)/14`
- G17: `=(G16*13+E17)/14`
- H16: `=IF(G16=0,100,100-100/(1+F16/G16))`

D3, E3, F17, G17 na H16 zivute hadi chini. Kompyuta ikigoma, badilisha mkato uwe nukta mkato. Inategemea mipangilio ya lugha.

Zingatia F16 na F17 hazifanani. Ya kwanza ni wastani wa kawaida wa siku 14. Kuanzia ya pili, kila siku mpya huchangia sehemu moja tu ya kumi na nne, na jana hubeba kumi na tatu. Wanaovuta AVERAGE hadi chini hupata RSI inayorukaruka na isiyolingana na chati za wengine, kisha hulaumu chati.

Jaribu jedwali lako kwa bei hizi za mfano, kuanzia B2: 20.00, 19.80, 19.90, 19.50, 19.30, 19.40, 19.00, 18.80, 18.90, 18.50, 18.30, 18.40, 18.10, 17.90, 18.00.

Jumla ya maongezeko ni 0.50, jumla ya mapunguzo ni 2.50, na RSI kwenye H16 isome 16.7. Ongeza bei ya 18.60 kwenye B17: RSI inaruka hadi 31.4. Ongeza 18.50 kwenye B18: inakuwa 30.5. Ukipata tofauti, kuna fomula umekosea; usiendelee.

Sasa itazame tena ile siku ya 18.60. RSI imetoka chini ya 30 na kuvuka juu, jambo ambalo vitabu vingi huliita ishara ya kununua. Lakini bei imetoka 20.00 hadi 18.60, kabla ya siku hiyo kila kilele kilikuwa kifupi kuliko kilichopita, na kilichobadilika ni siku moja tu. Ungenunua? Subiri hadi hatua ya 5.

Onyo: RSI ya wiki za mwanzo wa jedwali haiaminiki sana kwa sababu bado inabeba wastani wa kuanzia. Ndiyo maana nimesema siku 250, si 30. Ukilinganisha na chati ya TradingView, namba za mwanzo zitatofautiana na za mwisho zitakaribiana.

## Hatua ya 4: Ongeza MACD

RSI hukuambia kama wanunuzi wanazidi wauzaji. MACD hukuambia kama mwendo wa karibuni unaushinda mwendo wa muda mrefu kidogo. Huchukua wastani unaosogea wa siku 12 ikatoa wa siku 26, wastani zote mbili zikiipa bei ya karibuni uzito mkubwa zaidi.

- I13: `=AVERAGE(B2:B13)`, kisha I14: `=B14*2/13+I13*11/13`
- J27: `=AVERAGE(B2:B27)`, kisha J28: `=B28*2/27+J27*25/27`
- K27: `=I27-J27` (huu ndio MACD)
- L35: `=AVERAGE(K27:K35)`, kisha L36: `=K36*0.2+L35*0.8` (mstari wa ishara)
- M35: `=K35-L35` (nguzo)

Fomula ya mwisho ya kila safu ivute hadi chini. Kwa kazi yetu safu muhimu ni M. Nguzo ikiwa chini ya sifuri lakini inafupika siku hadi siku, nguvu ya wauzaji inaisha. Ikivuka juu ya sifuri, MACD imeukata mstari wake wa ishara kwenda juu.

Kuna kiashiria kingine, stokastiki, ambacho wengi hukipenda kwa sababu kinatoa ishara nyingi. Kwa gharama za masoko yetu ishara nyingi ni hasara. Nimekiacha kwa makusudi.

## Hatua ya 5: Jua mwenendo kabla ya kutafuta ishara

Ongeza safu mbili: N51 `=AVERAGE(B2:B51)` na O201 `=AVERAGE(B2:B201)`. Hizi ni wastani za siku 50 na siku 200. Na P21 `=AVERAGE(C2:C21)` kwa wastani wa hisa zilizouzwa katika siku 20; tutaihitaji baadaye.

Kanuni ni fupi: bei ikiwa juu ya wastani wa siku 200, na wastani wa siku 50 ukiwa juu ya ule wa 200, mwenendo ni wa kupanda na unaruhusiwa kutafuta ishara ya kununua. Vinginevyo funga jedwali ukafanye kazi nyingine.

Kwa nini ukali huu? Kwa sababu RSI ina tabia tofauti kulingana na mwenendo. Hisa inayopanda kwa nguvu mara nyingi haifiki 30 kabisa. Hushuka hadi 40 au 50, ikapumua, ikaendelea. Anayesubiri 30 hubaki kituoni. Hisa inayoporomoka hufanya kinyume: huingia chini ya 30, ikainuka hadi 50 au 60, ikachoka, ikarudi tena chini ya 30, mara baada ya mara.

Safaricom ni somo zuri. Katikati ya 2021 hisa yake ilizidi Sh 40. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya Sh 15. Katika mteremko mrefu namna hiyo, kila aliyenunua kwa sababu tu hisa "imeuzwa kupita kiasi" alikuta inaweza kuuzwa kupita kiasi zaidi, na zaidi tena. Kampuni haikufilisika, watu waliendelea kutuma pesa kwa M-Pesa kila dakika. Bei ilikuwa na safari yake. Aliyekaa nje kwa kufuata wastani wa siku 200 aliepuka sehemu kubwa ya mteremko huo bila kuhitaji kujua chanzo chake.

Hivyo ile hisa ya mfano iliyotoka 20.00 hadi 18.60: kama iko chini ya wastani wake wa siku 200, jibu ni hapana, hata RSI ikiruka vipi.

Utajua umefaulu: kuna miezi mizima ambayo hisa zote kwenye orodha yako zimefungwa kwa kanuni hii. Hilo ni jambo la kawaida.

## Hatua ya 6: Subiri ishara ikamilike

Ukishajua mwenendo ni wa kupanda, unatafuta hisa iliyopumzika na inayoamka. Masharti yote manne yatimie:

1. RSI imeshuka hadi 45 au chini yake katika wiki tatu zilizopita.
2. RSI imefunga tena juu ya 50.
3. Nguzo ya MACD imepanda kwa siku mbili mfululizo, hata kama bado iko chini ya sifuri.
4. Siku RSI ilipovuka 50, hisa zilizouzwa zilizidi wastani wa siku 20 ulio kwenye safu P.

Sharti la nne ndilo linalorukwa. Bei inaweza kupanda kwa sababu wauzaji wamekaa kimya siku hiyo, si kwa sababu wanunuzi wamekuja. Idadi ya hisa ndiyo inayotenganisha hayo mawili. Ila angalia: mauzo makubwa mno ya ghafla, mara kumi ya kawaida, huenda ni taasisi mbili zimepeana mzigo kwa makubaliano. Siku ya namna hiyo isikuhesabie sharti.

Soma baada ya soko kufunga, si katikati ya siku. Nairobi hufunga saa tisa alasiri. RSI ya saa nne asubuhi ni ya bei ambayo bado haijaiva.

Na ujue ukomo wa bei. Nairobi hisa haiwezi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku kutoka bei ya wastani ya siku iliyotangulia. Habari nzito ikitoka, bei huweza kugonga ukomo siku mbili tatu mfululizo, na viashiria vitachelewa kuonyesha kilichotokea. Siku za matokeo ya kampuni, soma matokeo kwanza.

Vipi kuhusu kununua chini kabisa, mwenendo unapogeuka? Ipo njia, na ni ngumu zaidi. Bei inachora shimo, inainuka, inachora shimo la pili lenye kina zaidi. Lakini RSI kwenye shimo la pili iko juu kuliko kwenye la kwanza. Wauzaji wameishusha bei kwa nguvu ndogo. Usinunue hapo. Weka alama kwenye kilele kilichoko kati ya mashimo mawili na usubiri bei ifunge juu yake. Ikishindwa, ulichokiona kilikuwa mapumziko ya mteremko. Kwa mwanzilishi, ningesema iache kwa mwaka wa kwanza.

Kosa jingine la kuliua mapema: RSI juu ya 70 si amri ya kuuza. Hisa yenye nguvu inaweza kukaa juu ya 70 kwa muda mrefu huku ikikupa faida.

## Hatua ya 7: Pima kwa bei za zamani kabla ya pesa

Una mistari 250. Ila wastani wa siku 200 unaanza mstari wa 201, kwa hiyo ukitaka kupima vizuri tafuta bei za mwaka mmoja au miwili zaidi.

Shuka mstari kwa mstari, weka alama kila masharti yote yanapotimia. Kisha andika bei ya kununua kuwa ya siku inayofuata, kamwe si ya siku ya ishara. Ishara unaipata soko likiwa limefungwa. Huwezi kurudi nyuma ukanunue.

Utapata ishara chache kwa mwaka kwa kila hisa. Ukipata ishara ishirini, kuna sharti umelilegeza au fomula imekosewa. Ukikuta zote zilileta faida, chunguza zaidi: huenda unachagua kwa jicho linaloiona kesho.

## Hatua ya 8: Gharama, kisha ukubwa wa oda

Kwa madalali wengi wa Nairobi na Dar es Salaam, mwekezaji mdogo hulipa karibu asilimia 2 ya thamani ya oda anaponunua na karibu asilimia 2 nyingine anapouza, ukijumlisha kamisheni na tozo za soko na mamlaka. Muulize dalali wako namba yake kamili kwa maandishi. Kwenda na kurudi ni karibu asilimia 4. Hisa ikipanda asilimia 3 umepoteza pesa, na ulikuwa sahihi.

Hii ndiyo sababu mwongozo huu hutumia bei za siku na hauna la kusema kuhusu kununua asubuhi na kuuza jioni. Nairobi malipo ya mauzo hukamilika siku tatu za kazi baada ya biashara, hivyo hata pesa yako hairudi haraka kiasi cha kuichezea.

Sasa ukubwa. Amua kwanza bei ya kutokea, yaani ya kuuza mambo yakiharibika: iweke chini kidogo ya bei ya chini kabisa ya mapumziko yaliyozaa ishara. Kisha hesabu:

- Mtaji wako wote wa hisa: Sh 200,000. Hasara unayoikubali kwa biashara moja: asilimia 1, yaani Sh 2,000.
- Bei ya kununua: 26.00. Bei ya kutokea: 24.50. Tofauti: 1.50.
- Gharama za kwenda na kurudi, asilimia 4 ya 26.00: 1.04.
- Hasara kwa kila hisa mambo yakiharibika: 2.54.
- 2,000 ÷ 2.54 = 787. Nunua 780, zitakazogharimu Sh 20,280 kabla ya tozo.

Anayesahau gharama angegawanya 2,000 kwa 1.50 na kununua hisa 1,333. Hasara yake halisi ingekaribia Sh 3,400, si 2,000 aliyodhani.

## Hatua ya 9: Weka oda

Tumia oda yenye ukomo wa bei, yaani unayotaja bei ya juu kabisa utakayolipa. Usitume oda ya "bei yoyote ya soko" hata kwenye hisa kubwa. Siku yenye wauzaji wachache utaumia.

Weka ukomo karibu na bei ya kufunga ya siku ya ishara. Isiponunuliwa, unaweza kurudia siku mbili zaidi. Bei ikishakimbia zaidi ya asilimia 3 kutoka hapo, futa. Ukiikimbiza, ile bei ya kutokea inakuwa mbali na hesabu ya hatua ya 8 haina maana tena.

Siku hiyohiyo andika kwenye daftari: tarehe, bei, RSI, nguzo ya MACD, bei ya kutokea, na sentensi moja ya kwa nini umenunua. Sentensi ikianza na "nahisi" au "fulani kasema", ghairi oda.

## Hatua ya 10: Kutoka

Programu nyingi za madalali wetu hazikupi oda inayouza yenyewe bei ikifika chini. Utatoka kwa mkono, kwa hiyo kanuni ziandikwe kabla:

- Bei ikifunga chini ya bei ya kutokea, weka oda ya kuuza kesho yake asubuhi. Si baada ya "kuona kama itarudi".
- Bei ikipanda, sogeza bei ya kutokea juu hadi chini kidogo ya kila shimo jipya. Haishuki kamwe.
- Bei ikifunga chini ya wastani wa siku 50 na nguzo ya MACD ikiwa chini ya sifuri, uza hata kama hujafika bei ya kutokea.
- Hisa ikianza kuuzwa bila gawio ukiwa nayo, punguza bei ya kutokea kwa kiasi cha gawio. Hii ndiyo ruhusa pekee ya kuishusha, kwa sababu kiasi hicho kimeshahesabiwa kwako kama gawio.
- Siku mbili mfululizo bila mauzo kwenye hisa uliyonayo, rudi hatua ya 1 uipime upya. Hisa huweza kukauka baada ya wewe kuingia, na ni rahisi kutoka wakati bado kuna wanunuzi.